Sasa, Zamani, na Tumaini la Ufufuo

Ni vichache vitabu vya Waafrika juu ya dini ya Waafrika vilivyosomwa katika vyuo vyetu kama viwili vya marehemu Kasisi Dakta John Samuel Mbiti. Cha kwanza, African Religions and Philosophy, kilitoka mwaka 1969. Cha pili, New Testament Eschatology in an African Background, kilitoka mwaka 1971. Kile cha kwanza chaeleza jinsi Mwafrika wa kale alivyomfikiri Mungu, wakati, uzazi na mauti. Hiki cha pili chauliza jinsi habari ya mambo ya mwisho, yaani kurudi kwake Kristo, ufufuo wa wafu, hukumu na uzima wa milele, ilivyopokewa na Wakamba, watu wake mwenyewe. Basi, kwa kuwa maneno mawili aliyoyafanya nguzo za nyumba yake ni maneno ya Kiswahili, sasa na zamani. Na kwa kuwa jambo lenyewe latukabili kila tusimamapo penye kaburi lililo wazi. Yatupasa sisi walimu wa nchi ya kati, tunaofundisha kwa lugha hiyo, tuvipime vitabu hivi kwa heshima na bila hofu.

Mbiti alizaliwa Mulango, katika nchi ya Kitui, Kenya, mwaka 1931. Alisoma Makerere, kisha Marekani, kisha Cambridge, ambako alipata udaktari wake mwaka 1963. Alifundisha Makerere tangu 1964 hata 1974. Baadaye alikaa Uswisi, akafanya kazi ya uchungaji na ya kufundisha, akafa huko mwaka 2019. Katika uzee wake alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kiyunani, nalo likachapishwa mwaka 2014. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba mtu tunayempima hakuwa mgeni aliyeyatazama maisha yetu kwa dirishani. Alikuwa mwana wa nyumba, tena mtumishi wa Neno. Na hata pale tusipokubaliana naye, twajifunza kwake.

Asema nini, basi? Asema kwamba kwa Mwafrika wa kale wakati una pande mbili. Upande mmoja ni Sasa: mambo yanayotendeka leo, na yale yaliyotendeka karibuni, na yale machache yaliyo mlangoni, ambayo hayana budi kuja. Upande wa pili ni Zamani, mfano wa bahari kubwa ambamo mambo yote yaliyokwisha kutendeka huzama na kukaa. Wakati, kwa mawazo hayo, hauendi mbele, hurudi nyuma. Jambo hutendeka katika Sasa, kisha hushuka katika Zamani. Mambo yajayo ya mbali ni kama hayapo, kwa maana hayajatendeka, na lisilotendeka si wakati. Alizichungua nyakati za vitenzi vya Kikamba, akaona kwamba wakati ujao haufiki mbali kupita miezi sita, au miaka miwili ikizidi sana. Kwa hiyo, asema, hapakuwa na fikira ya mwisho wa dunia, wala ya siku moja kuu ambayo viumbe vyote vyaingojea.

Na mtu akifa? Yeye naye hushuka njia ile ile, polepole. Muda wote wawapo hai watu wanaomkumbuka kwa jina lake, Mbiti humwita mfu aliye hai. Bado ni mmoja wa jamaa. Hutajwa, humiminiwa pombe, hupewa sehemu yake ya chakula. Kumbukumbu hiyo yaweza kudumu vizazi vinne au vitano. Lakini afapo mtu wa mwisho aliyemjua, jina lake lakoma, naye huingia katika kundi la mizimu wasio na majina, walio mbali na wanadamu. Ndiyo sababu, asema, kuzaa kulikuwa jambo zito kuliko mengine yote: asiyeacha mtoto wa kumtaja amezimika kama moto usio na kaa.

Tuanze na yaliyo mema, maana ni mengi. Mbiti alikataa kuwacheka wazee. Wengi waliomtangulia waliandika kana kwamba Mwafrika kabla ya kuhubiriwa hakuwa na wazo lolote juu ya mauti ila woga. Yeye alionyesha kwamba palikuwa na elimu, tena elimu yenye upendo ndani yake: wafu hawakutupwa, na udugu haukukatwa na kaburi. Hapa Ugogo twaweza kumshuhudia. Peter Rigby, aliyekaa na Wagogo na kuandika juu ya ng'ombe na jamaa zao katika kitabu kilichotoka mwaka ule ule wa 1969, aeleza kwamba roho za waliokufa kwa Kigogo huitwa milungu. Na Mungu mwenyewe aitwa Mulungu, jina ambalo Wakristo wa nchi hii wameliweka katika Maandiko yao na katika sala zao. Neno moja, umoja na wingi wake, lamtaja Muumba na kuwataja wazee waliolala. Mtu aweza kusema huu ni uchanganyifu wa mawazo. Lakini mtu mwenye subira aweza kuona kwamba Mgogo wa kale alijua jambo moja kwa hakika: habari za wafu ni habari za Mungu, wala haziwezi kuelezwa pasipo yeye.

Jema la pili ni lile aliloliandika katika kitabu cha 1971 juu ya mafundisho waliyopewa Wakamba na Africa Inland Mission. Aliona kwamba mifano ya Maandiko, yaani mji, hazina, karamu, moto, kufutwa machozi, ilipokewa kana kwamba ni hesabu ya vitu vilivyowekwa ghalani. Mbingu ikawa nchi ya kukimbilia, na imani ikawa nauli ya safari. Twaweza kusema kwamba jambo hili ni la Ukambani peke yake? Nani miongoni mwetu hajasikia mahubiri ya mazishi ambamo marehemu asemwa kwamba amekwisha kufika, amekwisha kupumzika, amekwisha kupewa taji, na ufufuo wa mwili hautajwi hata mara moja? Mhubiri wa namna hii hafundishi uongo, lakini afundisha nusu. Imani ya Mitume yataja ufufuo wa mwili waziwazi, nasi huikiri imani hiyo kila Jumapili. Kisha Jumatatu, penye kaburi, twanena kana kwamba mwili ni ganda la karanga, la kutupwa na kusahauliwa. Mbiti alilitambua pengo hili mapema, naye astahili shukrani.

Sasa tuje kwenye yale yasiyotutosha. La kwanza ni lugha. Mbiti alijenga juu ya vitenzi vya Kikamba, akapaka nyumba yake rangi ya Kiswahili, kisha akaiita nyumba ya Waafrika wote. Lakini Kiswahili chenyewe chamkataa. Neno zamani, kwa asili yake ya Kiarabu, maana yake ni wakati tu. Waswahili wa kale walisema zamani hizi, wakimaanisha siku hizi. Na kwa mambo yaliyopita walisema zamani za kale, wakiongeza neno la pili kwa sababu la kwanza peke yake halikutosha. Tena afunguaye Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ile iliyo katika nyumba nyingi za Wakristo hapa kwetu, akasoma barua kwa Waefeso sura ya 2 mstari wa 7, atawaona wafasiri wakilitumia neno hili hili zamani kwa nyakati ambazo bado zinakuja, ambazo Mungu atawaonyesha watu wake neema. Basi neno ambalo Mbiti alilifanya kaburi la mambo yaliyopita, mikononi mwa wafasiri limekuwa mlango wa mambo yajayo.

Tena kiangalieni kile kiungo kidogo, -ta-, tunachokitumia kwa wakati ujao. Wanazuoni wengi wa lugha husema kwamba chatoka katika kitenzi kutaka. Nasi twaweza kuiona asili hiyo ikichungulia bado katika maneno kama atakayekuja na watakaofufuka, ambamo taka yasikika nzima. Maana yake, aliyesema kwanza atakuja alisema ataka kuja. Mswahili hakuuhesabu wakati ujao kwa miezi. Aliutengeneza kwa neno la moyo. Je, lugha iliyoumba wakati ujao kwa neno la kutaka yaweza kusemwa kwamba haina mahali pa kuweka tumaini? Neno hilo halikuwekewa mpaka wa miezi sita wala wa miaka miwili. Lafika mbali kama moyo wa msemaji ufikavyo.

Na neno lenyewe kufufuka halikutoka ng'ambo. Ni neno la Kibantu, lililo karibu na mfu na wafu. Na mwisho wake, -uka, watukumbusha kufunguka, kuzibuka na kufumbuka, maneno ambayo ndani yake jambo lililofungwa lafunguliwa na lililozibwa lapata njia. Kando yake tunalo kiyama, lililotoka Kiarabu, ambalo asili yake ni kusimama. Haya yote mawili walikuwa nayo watu wa lugha hii kabla ya mmisionari wa kwanza kufika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Naye Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufa mwaka 1969, hakuona shida kuichukua habari ya Injili na kuitia katika vina na mizani ya pwani. Utenzi wa Injili Takatifu ulichapishwa Ndanda mwaka 1963, miaka sita kabla ya Mbiti kuutangazia ulimwengu kwamba wakati wetu hurudi nyuma tu.

Tusimwonee, lakini. Kuna wenye elimu, na Kwame Gyekye wa Ghana ni mmoja wao, waliomkosoa Mbiti kwa kupima mawazo ya bara zima kwa lugha moja au mbili. Nao walisema kweli. Walakini kosa la hesabu ya vitenzi si kosa kubwa. Mtu aweza kukosea jina la mto na bado akawa amevuka. Liko jambo zito zaidi, ambalo wakosoaji wengi wa Ulaya na Marekani hawakulisikia uzito wake, kwa sababu halikuwapata. Kwetu sisi wa nchi ya kati limetupata.

Jambo hilo ni hili. Ikiwa mfu huishi kwa kukumbukwa, anaishije yule ambaye waliopaswa kumkumbuka wamekufa pamoja naye?

Kila mzee wa Ugogo amelisikia jina Mtunya. Ndilo jina la njaa ile iliyoipata nchi hii tangu 1917 hata 1920, na maana yake ni kugombania. Kwanza jeshi la Wadachi, na baada ya Dodoma kutwaliwa mwaka 1916 jeshi la Waingereza, walichukua wanaume kuwa wapagazi, wakachukua ng'ombe, wakachukua nafaka. Kisha mvua ikakosa. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza habari hii, aandika kwamba katika watu 150,000 wa nchi hii walikufa 30,000. Katika kila watano, mmoja. Wengine waliangukia njiani wakitafuta chakula, mbali na boma la baba zao. Katika mauti ya namna hii hafi mtu mmoja mmoja. Hufa mji mzima, na baba, na watoto waliopaswa kulitaja jina la baba. Wakati wa Mtunya, wapagazi wengi pia walikwisha kufa katika vita, katika nchi ambazo hawakujua hata majina yake, wala hapana jiwe lililoandikwa.

Tuichukue sasa elimu ya Mbiti, tuiweke mbele ya watu hawa. Vizazi vinne au vitano vya kukumbukwa hawakuvipata. Wengine hawakupata hata siku moja. Kwa kipimo hiki hawakuwa kamwe wafu walio hai. Walipita moja kwa moja katika kundi lisilo na majina. Hatia yao ni nini? Ni kwamba waliomaskini walikufa pamoja na maskini wenzao. Kwa hiyo elimu hii, yenye uzuri mwingi kwa mzee aliyekufa kitandani akizungukwa na wajukuu, haina neno la kumwambia mama aliyekufa njiani na mtoto mgongoni. Ni faraja ya wenye wajukuu.

Wala haikuwa njaa peke yake iliyokata kamba ya kumbukumbu. Mwaka 1971, katika ile Operesheni Dodoma, watu wengi wa mkoa huu walihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa. Nyumba yaweza kujengwa tena mahali pengine, na ng'ombe huja kwa miguu yao. Lakini makaburi ya wazee yalibaki maporini. Mwaka 1973 ikakatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Na katika miaka hii tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, mwaka 2016, mji umepanuka juu ya mashamba. Iko sheria ya nchi juu ya kuhamisha makaburi, ya mwaka 1969, nayo hutumika pale ardhi inapotakiwa kwa kazi ya watu wote. Siandiki haya ili kulaumu mji au barabara. Naandika ili kuonyesha kwamba kumbukumbu ya wanadamu huhitaji mahali, na mahali hupotea. Huhitaji watu, na watu hutawanyika. Mjukuu aliyezaliwa Dar es Salaam hajui kaburi la babu wa babu yake liko chini ya mbuyu upi.

Mnyampala aliliona jambo hili kwa namna yake. Alipoandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954, alikusanya habari za koo na za watawala kabla hazijapotea, na tangu hapo wengi wamekishukuru. Lakini hata kitabu huchagua. Majina ya watemi huandikwa. Jina la mchunga mbuzi halikuandikwa na mtu. Kama uzima baada ya mauti unategemea kuandikwa au kutajwa na wanadamu, basi huko nako watemi watakaa kwanza, kama walivyokaa hapa.

Hapo ndipo tumaini la Kikristo linapojitenga na elimu ile, na ni lazima tulieleze vizuri, tusilifanye kuwa jambo jingine. Mkristo hasemi kwamba wafu hawahitaji kukumbukwa. Asema kwamba Mwenye kuwakumbuka hafi. Kumbukumbu aliyoijua mzee wa Ugogo ilikuwa kitu cha kweli. Kasoro yake ilikuwa mwenye kuishika tu. Ilishikwa na mikono ya watu ambao nao walikuwa njiani kwenda kaburini. Imani ya ufufuo yaichukua kumbukumbu hiyo na kuiweka kwa Mungu, ambaye kwake, kama Bwana wetu alivyowajibu Masadukayo, Ibrahimu na Isaka na Yakobo ni watu walio hai. Mama yule wa njiani hana mjukuu wa kumtaja. Anaye aliyemfanya. Na Mungu akimkumbuka mtu hamkumbuki kama sisi tukumbukavyo, kwa kuugua na kutaja jina, akikumbuka, hutenda. Alimkumbuka Nuhu, maji yakapungua. Alimkumbuka Hana, naye akapata mtoto. Akiwakumbuka wafu, huwainua.

Twaweza kusema kwamba Mbiti hakulijua hili? La, alilijua, na hapa ndipo napenda msomaji asimame kidogo, maana wengi wamesoma kitabu cha 1969 wakaliacha lile la 1971, kwa sababu ni gumu na lilichapwa kwa uchache. Katika kitabu hicho cha pili aonyesha kwamba mambo ya mwisho katika Agano Jipya hayategemei urefu wa wakati ujao, yamtegemea Kristo. Tena sura yake juu ya ufufuo yaueleza kuwa tumaini la watu wote pamoja, wala si la mtu mmoja mmoja kujiokoa kivyake. Nami nathubutu kusema kwamba kitabu cha pili kilikwisha kukijibu kitabu cha kwanza, ingawa mwandishi hakulitamka hivyo.

Kwa maana fikirini. Mbiti alisema kwamba kwa Mwafrika jambo halina nguvu mpaka limetendeka na kuingia Zamani. Haya, na tukubali kwa ajili ya mazungumzo. Je, tumaini la Mkristo limesimama juu ya jambo ambalo halijatendeka? Limesimama juu ya jambo lililokwisha kutendeka, nje ya malango ya Yerusalemu, siku za Pontio Pilato. Ufufuo wa Yesu uko katika Zamani, kwa maana ile ile aliyoipenda Mbiti: imara, haugeuki, hauwezi kuondolewa. Mgogo hakuombwa aamini jambo tupu la mbele. Aliambiwa habari iliyokwisha kuwa, kisha akaambiwa kwamba habari hiyo haijaisha.

Mtume Paulo alipotafuta neno la kueleza jinsi jambo lililokwisha kutendeka lifungamanavyo na lile lijalo, alichukua neno la mkulima: limbuko. Wafasiri wetu nao walilichukua, na hawangeweza kupata neno bora kwa watu wa nchi hii. Huku mvua ni moja kwa mwaka. Huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili, na haizidi sana milimita 600 katika mwaka mwema. Mkulima wa uwele na mtama mara nyingi hutia mbegu katika udongo mkavu, kabla tone moja halijaanguka, kwa sababu akingoja mvua ianze amekwisha kuchelewa. Kisha hungoja. Siku anapoonja limbuko, hali kidogo kilichotoka shamba jingine kuja kumtuliza njaa. Aonja sehemu ya kwanza ya mavuno yale yale, yaliyosimama bado shambani, yenye mbegu ile ile na mvua ile ile. Limbuko halisemi huenda mavuno yakaja. Limbuko ni mavuno yaliyoanza.

Basi, Kristo akiitwa limbuko lao waliolala, maana yake ni kwamba ufufuo wa wafu umekwisha kuanza, na kwamba kati ya wa kwake na wetu hakuna tofauti ya shamba. Ipo tofauti ya siku tu. Na mkulima asiyejua kuwaza mambo yajayo hangetia mbegu mavumbini mwezi wa Novemba. Kila mwaka, tangu mababu, watu wa Ugogo wameweka nafaka, ambayo wangeweza kuila usiku ule ule, chini ya udongo mkavu. Katika mwaka baada ya Mtunya walifanya hivyo tena, wale waliosalia. Yeye asemaye kwamba watu hawa hawakuwa na wakati ujao na ayatazame mashamba yao.

Liko neno moja la mwisho katika kumpima Mbiti. Byang Kato wa Nigeria, mtu wa bidii aliyekufa maji Mombasa mwaka 1975, alimshutumu katika mwaka ule ule kwamba kwa kuwapenda mno wazee amefungua mlango wa kusema kwamba watu wote wataokolewa, waamini na wasioamini. Wengi miongoni mwetu wanaizungukia swali hii kwa uchungu, maana ni swali la nyumbani: je, babu yangu, aliyekufa kabla ya kuhubiriwa? Kato aliogopa kwamba hukumu itasahauliwa, na hofu yake ilikuwa ya haki. Maandiko hayacheki na hukumu. Mbiti naye aliogopa kwamba tutamfanya Mungu kuwa mgeni aliyefika Afrika pamoja na meli. Hofu hiyo nayo ni ya haki. Mimi naona kwamba mwalimu hana ruhusa ya kumaliza shauri ambalo Mungu hakulimaliza mbele yetu. Aliye hakimu ndiye yule yule aliye na majeraha. Tukimwambia mjukuu kwamba babu yake yumo mikononi mwa huyo, hatukumdanganya, wala hatukumnyima tumaini. Na tukiongeza neno, huku au kule, tumesema tusiyoyajua.

Haya yatupasa nini katika kazi yetu? Kwanza, tufundishapo watoto Imani ya Mitume, tusipite upesi penye ufufuo wa mwili. Mtoto na aelewe kwamba Mungu ataka kuuponya ulimwengu aliouumba, pamoja na mikono iliyolima na miguu iliyochunga, na kwamba mbingu si kimbilio la watu waliochoka na dunia. Mwalimu afundishaye hivyo ataona kwamba hata shule, na zahanati, na kisima, vyapata maana mpya. Kwa sababu mwili utakaofufuliwa haufai kudharauliwa leo.

Pili, penye mazishi tuseme yote mawili: kwamba aliyelala yu pamoja na Bwana, na kwamba bado angoja pamoja nasi siku ya kuinuliwa. Wathesalonike waliogopa kwamba wafu wao watakosa sehemu yao, na Paulo aliwajibu kwamba walio hai hawatawatangulia waliolala. Hili ni neno tamu kwa masikio ya watu wetu. Hakuna atakayefika peke yake. Babu hafiki kwanza akafunga mlango, wala mjukuu hafiki kwa kumpita babu.

Tatu, tusiwakataze watu kuwakumbuka wafu wao. Tuwafundishe kuwakumbuka vizuri. Kanisa lina siku ya Watakatifu Wote, na mahali pengi siku ya marehemu wote. Siku hizo na zitajwe waziwazi wale ambao hapana awatajaye: waliokufa katika Mtunya, wapagazi wa vita, wasafiri wa njia ya zamani ya misafara iliyopita Ugogo kwenda pwani, watoto waliokufa kabla ya kupewa jina. Majina yao hatuyajui, wala haidhuru. Sala yetu haiwapi uzima. Yatufundisha sisi kwamba hesabu ya Mungu ni kubwa kuliko ya kwetu.

Vitabu vya Mbiti, basi, na viendelee kusomwa. Mwanafunzi akianza na kile cha 1969, mwalimu asimwache mpaka amekifikia cha 1971, hasa sura ile ya ufufuo. Na akisoma kwamba wakati wa Mwafrika hurudi nyuma, aulizwe kwa upole: je, mwezi wa Novemba mama yako hufanya nini shambani?